Msimwambie Asubiri Arobaini

Mwangalieni yule binti anayebeba faili. Yuko kwenye kila kliniki ya saratani, kuanzia Dar es Salaam hadi Eldoret. Ana miaka 29, au 32. Amemshika mama yake mkono, kwapani ana bahasha kubwa ya picha za eksirei, begani kapu lenye chupa ya chai na kanga ya akiba. Ndiye anayejua dawa ipi imeisha na ipi haikupatikana. Ndiye anayepanga foleni dirishani. Daktari anamwuliza mama anaumia wapi, anamwandikia dripu nyingine, anampangia tarehe ya kurudi. Binti anaiingiza tarehe kwenye simu, wanaondoka. Nimekaa kwenye mabenchi ya kliniki hizo na wagonjwa wa nyumbani kwetu, na katika mazungumzo yote niliyoyasikia hakuna aliyemgeukia binti na kumwuliza: na wewe je? Bibi yako mzaa mama aliumwa nini? Una shangazi wangapi, na wako hai?

Hasira yangu iko hapo. Katika baadhi ya familia, saratani ya mama ni habari inayomhusu binti moja kwa moja, na hospitali ndiyo ya kwanza kuijua. Ikishaijua, inakaa kimya. Miaka mitano au sita baadaye binti yule yule anarudi, safari hii faili ni lake, uvimbe umeshachimba ngozi, na sisi tunafungua kundi la WhatsApp la kuchangishana. Nasema bila kuzunguka: mwanamke mwenye hatari kubwa ya kurithi saratani ya matiti ana haki ya kuulizwa habari za ukoo wake, ana haki ya kupimwa jeni, na akikutwa na hatari hiyo ana haki ya kupigwa picha ya MRI ya matiti kila mwaka kwa gharama ya bima. Nchi zetu zina uwezo wa kulifanya hili. Hazilifanyi kwa sababu hazijaamua.

Kwanza tuelewane, maana wengi wanaolizungumzia jambo hili wanachanganya mambo. Saratani nyingi za matiti hazirithiwi. Lakini zipo zinazotembea na ukoo, kizazi hadi kizazi. Mwaka 1990 mtaalamu wa jenetiki wa Marekani, Mary-Claire King, alionyesha kwamba mahali fulani kwenye kromosomu ya 17 pamekaa jeni inayobeba hatari hiyo. Mwaka 1994 jeni yenyewe ilipatikana, ikajulikana kama BRCA1, na mwaka uliofuata ikapatikana ya pili, BRCA2. Kazi ya jeni hizi mwilini ni kukarabati DNA inapokatika. Aliyerithi nakala mbovu anaishi na ukarabati unaolegalega, na makosa yanajilimbikiza kwenye chembe hai mpaka mojawapo inageuka saratani. Utafiti mkubwa wa familia zenye jeni hizi, uliochapishwa mwaka 2017, ulikadiria kwamba kati ya wanawake 100 wenye BRCA1 mbovu, 72 hupata saratani ya titi kabla ya kufikisha miaka 80. Kwa BRCA2 ni 69. Saratani ya ovari nayo iko njiani: 44 kati ya 100 kwa wale wa BRCA1. Na hatari hii haingoji uzee. Inaanza kupanda mwanamke akiwa bado ananyonyesha mtoto wake wa kwanza.

Kuna wengine wasiohusika na urithi ambao nao wamo kwenye kundi hili: wasichana waliochomwa mionzi kifuani kutibu saratani ya tezi za limfu, hasa kati ya miaka 10 na 30. Walipona, tukawapigia makofi, tukawasahau.

Na tafadhali, acheni kuuliza habari za mama peke yake. Jeni mbovu hutoka kwa baba vilevile, na kila mtoto, wa kike au wa kiume, ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuipata. Baba anaweza kuibeba maisha yake yote bila kuugua hata siku moja, akawaachia mabinti zake. Kwa hiyo yule shangazi aliyefariki kijijini akiwa na miaka 38, ambaye kwenye fomu ya hospitali hana hata mstari wake, huenda ndiye ushahidi muhimu kuliko wote. Fikirieni familia zetu zilivyo: baba mmoja, wake wawili au watatu, watoto wengine Tanga, wengine Mombasa, wengine wamehamia Muscat. Dada mmoja akikutwa na jeni hii aliyoirithi kwa baba, kuna ndugu zake kwa baba ambao hawajawahi hata kuonana naye, na kila mmoja wao anastahili kupigiwa simu. Nani kwenye hospitali zetu amepewa kazi ya kupiga simu hiyo? Nitajieni cheo chake.

Sasa njoo kwenye ushauri. Binti akijipa ujasiri akauliza mwenyewe, jibu analopewa ni moja: bado mdogo, njoo ukifika arobaini tukupige mamografia. Kwa mwanamke asiye na historia yoyote kwenye ukoo, jibu hilo lina mantiki yake. Kwa binti ambaye mama aliugua akiwa na miaka 36 na mama mdogo akiwa na miaka 34, kumwambia asubiri arobaini ni kumpiga kalenda ya kifo. Jamani, hesabu ni nyepesi mno kwa mtu aliyesomea udaktari kuikosa.

Hata hiyo mamografia angepigwa leo, isingemtosha. Titi la mwanamke kijana limeshonana, lina tezi nyingi na mafuta kidogo. Kwenye picha ya mamografia tezi huonekana nyeupe, na saratani nayo huonekana nyeupe, kwa hiyo kuisaka humo ni kutafuta punje ya chumvi kwenye bakuli la sukari. Mwaka 2004 watafiti wa Kanada walichapisha matokeo ya wanawake 236 waliobeba BRCA1 au BRCA2, waliopimwa kwa njia nne mwaka hadi mwaka. Zilijitokeza saratani 22. Mkono wa daktari ulizigusa 2. Ultrasaundi iliziona 7. Mamografia iliziona 8. MRI iliziona 17. Mwaka huo huo Waholanzi walitoa matokeo ya wanawake 1,909 wenye hatari ya kurithi: kwa saratani zilizokwisha kuanza kupenya, MRI ilizikamata karibu 80 katika kila 100, mamografia 33, mkono wa daktari 18. Mwaka 2004! Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa ni mtu mzima, na bado kila Oktoba tunamvalisha mwanamke huyu fulana ya waridi, tunampa kipeperushi cha kumfundisha kujipapasa, tunapiga picha ya pamoja, tunaondoka. Sina ugomvi na kujichunguza. Mwanamke aujue mwili wake, ni vizuri. Nina ugomvi na kumpa mwanamke mwenye hatari ya 70 katika 100 zana ya kujipapasa, halafu kumwambia kwamba amekingwa.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi. Saratani za BRCA1 mara nyingi zina tabia ya kudanganya. Kingo zake huweza kuwa laini na za mviringo, zikaonekana kwenye ultrasaundi kama uvimbe wa kawaida wa wasichana, ule usio na madhara. Ni wanawake wangapi waliambiwa "hiki ni kiuvimbe tu, kitaisha ukizaa"? Na nyingi kati ya saratani hizo ni zile ambazo madaktari huziita hasi tatu: hazina vipokezi vya homoni wala protini ya HER2, kwa hiyo vidonge vya kuzuia homoni haviziwezi na dawa ya Herceptin haiziwezi. Zinakua haraka. Miezi ya nenda rudi, ambayo mgonjwa mwenye aina nyingine pengine angeimudu, kwa huyu ni tofauti kati ya uvimbe wa sentimita moja na saratani iliyofika kwenye ini.

Wanaosema MRI ni anasa wengi wao hawajui inafanya nini, basi nieleze. Mwanamke anavua kila chenye chuma: hereni, pini za mtandio, sidiria yenye waya. Anaulizwa kama ana kifaa cha moyo mwilini, kama figo zake zina shida. Anawekewa mrija mdogo kwenye mshipa wa mkono. Halafu analala kifudifudi kwenye kitanda chenye matundu mawili, matiti yananing'inia ndani yake bila kubanwa, tofauti na ule ubanaji wa mamografia unaowatia wengi hofu. Anavishwa vizibo vya masikio, kitanda kinaingia ndani ya sumaku, na mashine inaanza kugonga na kunguruma. Katikati ya zoezi dawa iitwayo gadolini inasukumwa kwenye mshipa, na anasikia ubaridi ukimpanda mkononi. Siri yote iko hapo. Saratani haikui bila damu, na ili kuipata hujijengea mishipa yake mipya, ya haraka haraka, inayovuja. Dawa inafika kwenye mishipa hiyo mapema na kwa wingi, na dakika moja au mbili tu baada ya sindano, pale ilipo saratani panang'aa kwenye skrini wakati sehemu kubwa ya titi bado ina giza. Mwanamke anayepata hedhi hupangiwa wiki ya pili ya mzunguko wake, maana siku nyingine homoni huweza kuifanya nyama nzima ing'ae na kumchanganya msomaji wa picha. Hakuna mionzi hata chembe, jambo ambalo kwa mtu mwenye jeni mbovu ya kukarabati DNA lina uzito wake. Nusu saa hivi imekwisha, amevaa mtandio wake, amerudi kazini.

Hicho ndicho kitu tunachomnyima.

Je, kinaokoa maisha? Kwa miaka mingi waliopinga walikuwa na hoja ya haki: MRI inaona saratani ndogo, sawa, lakini onyesheni kwamba watu hawafi. Mwaka 2024 utafiti wa wanawake 2,488 wenye BRCA1 au BRCA2 kutoka nchi 11 ulichapishwa kwenye jarida la JAMA Oncology. Kwa wenye BRCA1, waliokuwa wakifuatiliwa kwa MRI walikuwa na hatari ndogo ya kufa kwa saratani ya titi, pungufu kwa asilimia 80, wakilinganishwa na wasiofuatiliwa hivyo. Kwa BRCA2 vifo vilikuwa vichache mno kutoa jibu la uhakika. Ni utafiti wa kufuatilia watu, haukuwagawa kwa kura, na mwenye kuusoma kwa makini ataliona hilo. Lakini nitajieni kipimo kingine chochote cha kundi hili kilicholeta tofauti ya namna hiyo. Chama cha Saratani cha Marekani hakikungoja hata matokeo hayo: tangu 2007 kinashauri MRI kila mwaka, pamoja na mamografia, kwa wanawake wa kundi hili. Uingereza mwanamke mwenye BRCA1 huitwa kila mwaka na huduma ya afya ya taifa lake, kwa barua, bila kulipa.

Najua hoja inayofuata. "Hayo ni mambo ya Wazungu, jeni hizo huku hazipo." Ni uongo, na aliyeuangusha ni Mwafrika mwenzetu. Profesa Olufunmilayo Olopade, aliyezaliwa na kusomea udaktari Nigeria kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Chicago, ametumia miaka mingi kuuliza swali ambalo wengine hawakujali kuuliza: wanawake wa Afrika wamebeba nini? Mwaka 2018 yeye na wenzake, King akiwemo, walichapisha majibu ya wagonjwa 1,136 wa Nigeria. Mmoja kati ya kila wanane alikuwa amerithi jeni mbovu, BRCA1 ikiongoza, BRCA2 ikifuata. Mmoja kati ya wanane! Uganda nako watafiti wamewapima wagonjwa na kuzikuta jeni hizo hizo. Tunazo, tena kwa kiwango ambacho hakuna waziri anayeweza kukiita kidogo.

Sasa chukueni kalamu. Kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, Kenya mwaka 2020 ilikuwa na wagonjwa wapya wa saratani ya matiti karibu 6,800. Kama hali ya Kenya inakaribiana na ya Nigeria, hizo ni familia 850 hivi kwa mwaka. Tuseme kila familia ina dada na mabinti watatu wa kufuatiliwa. Wapimwe jeni, na kwa wastani nusu yao watarudi nyumbani na furaha: hawana, hawahitaji MRI, waishi kama wanawake wengine. Wanabaki wanawake 1,300 hivi. Mashine moja ikihudumia wanawake 10 kwa siku, siku tano za wiki, inawamaliza kwa nusu mwaka hivi. Ndiyo, mwaka wa pili wataongezeka wengine, na wa tatu wengine, na itabidi kupanga. Lakini hatuzungumzii milioni. Kila anayesimama jukwaani na kusema "hatuwezi kumpima kila mwanamke kwa MRI" anajibu swali ambalo hakuna aliyemwuliza.

Kuhusu bei, mimi sisahau haraka. Nakumbuka walivyotuambia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI ni ghali mno kwa Afrika, zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa kwa mwaka. Mwaka 2001 mkuu wa shirika la misaada la Marekani, Andrew Natsios, alifika mahali pa kusema Waafrika hatujui saa, tutamezaje dawa kwa wakati. Mwaka huo huo kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kuwauzia Madaktari Wasio na Mipaka dozi ya mwaka kwa dola 350. Leo mamilioni ya ndugu zetu wanameza dawa hizo kila jioni na saa wanaijua vizuri sana. Bei ya kipimo cha jeni nayo ilishushwa kwa mapambano. Kampuni ya Myriad ya Marekani ilizishikilia BRCA1 na BRCA2 kwa hataza, kana kwamba imeziumba yenyewe. Mwaka 2013, mwigizaji Angelina Jolie alipowaeleza walimwengu kwamba amekatwa matiti yote mawili kwa sababu ya BRCA1, alilalamika kwamba kipimo hicho kinagharimu zaidi ya dola 3,000. Mwezi uliofuata Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, majaji wote tisa kwa kauli moja, kwamba jeni iliyotoka mwilini mwa binadamu haimilikiwi na kampuni. Kufikia 2015 kampuni nyingine ilikuwa inakiuza kipimo kwa dola 249.

Na serikali zetu zinajua kupatana bei zikitaka. Mwaka 2025 Kenya ilikaa mezani na kampuni ya Roche, na dozi ya Herceptin ikashuka kutoka Sh120,000 hadi Sh40,000, bima yake ya umma, Mamlaka ya Afya ya Jamii, ikikubali kulipa. Naipongeza kwa moyo wangu wote. Basi rudini kwenye meza ile ile. Waiteni wenye maabara za jeni na wenye mashine, mwaambie mnaleta familia 850 kwa mwaka, mtaje na bei mnayoitaka.

Mashine zipo, tena zimenunuliwa kwa kodi yetu. Tanzania ilitumia sehemu ya mkopo wa Sh1.3 trilioni kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, ule wa wakati wa UVIKO-19, kununulia hospitali za umma mashine za CT scan na MRI. Kenya tangu 2015 ilikodi vifaa kwa mabilioni kwa ajili ya kaunti zote 47, na Seneti ikaja kugundua vingine vimelala kwenye makasha kwa kukosa umeme, chumba au mtu wa kuviendesha. Mashine za MRI zinazofanya kazi zinapiga picha za migongo, magoti na vichwa. Lakini MRI ya matiti inahitaji kifaa chake, ile koili yenye matundu mawili niliyoieleza. Nendeni kwenye hospitali yoyote yenye MRI mkaulize swali moja tu: mna koili ya matiti? Mkijibiwa hapana, basi aliyenunua sumaku ya mabilioni hakumfikiria mwanamke hata kwa dakika moja alipokuwa anaandika orodha ya vifaa. Mkijibiwa ndiyo, ulizeni ya pili: imetumika lini mara ya mwisho, na nani aliyezisoma picha?

Msomaji wa picha ndiye adimu kuliko sumaku. Daktari wa radiolojia aliyezoea MRI za matiti haokotwi barabarani, anafundishwa. Lakini hata hapo njia imeshafunguliwa. Mwaka 2014 daktari wa radiolojia Christiane Kuhl wa Aachen, Ujerumani, alionyesha kwamba kwa uchunguzi wa namna hii MRI fupi, ya dakika tatu tu za kupiga picha, inaweza kutosha, na picha zake chache zinasomwa kwa muda mfupi. Picha husafiri kwa mtandao. Daktari aliyeko Nairobi au Dar anaweza kuisoma picha iliyopigwa Mbeya au Garissa kabla ya chakula cha mchana.

Na bima! Tanzania ina Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Kenya ilizika mfuko wake wa bima wa NHIF Oktoba 2024 ikaanzisha mfumo mpya. Mijadala yote niliyoisikia tangu hapo inahusu mgonjwa alipiwe kemo ngapi. Aliye mzima, anayejua kwa karatasi ya maabara kwamba mwili wake uko hatarini, hana mahali pake kwenye mijadala hiyo. Mfumo unamwambia augue kwanza. Ukishaugua utapewa dripu, mionzi, upasuaji na kitanda, na fedha zitakazokwenda humo zingelipia MRI za miaka mingi.

Niwaambie pia msichokipenda kusikia, ninyi mnaoniunga mkono. MRI huona mengi, na mengine anayoyaona msomaji si saratani. Wapo watakaoitwa tena, watakaokatwa kipande kidogo cha nyama kikapimwe, watakaokesha wiki nzima kusubiri jibu ambalo mwishowe ni jema. Kwa mwenye hatari kubwa usumbufu huo unastahili. Kwa asiye nayo haustahili, na hospitali binafsi inayoweka MRI ya matiti kwenye kifurushi cha kila mwanamke mwenye wasiwasi na kadi nzuri ya benki inafanya biashara ya hofu. Na MRI haizuii saratani, inaiwahi. Mwenye BRCA1 anapaswa kuelezwa pia habari za kutoa ovari akishamaliza kuzaa, na habari za upasuaji wa matiti kwa anayeutaka, aamue mwenyewe akiwa na maelezo yote mkononi.

Sasa nigeukie nyumbani, kwetu sisi, maana serikali haikutulazimisha kunyamaza. Tunazika dada wa tatu kwenye ukoo mmoja na tangazo linasema alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Tunafunika kombe. Mmoja alirogwa, wa pili alikuwa na presha, wa tatu ni kazi ya Mungu. Mabinti wanakua hawajui bibi zao walikufa kwa nini, halafu daktari mwenye bidii akiwauliza wanajibu hawajui, na kweli hawajui. Mama anaficha kidonda cha titi miezi minane ili harusi ya mwanawe isivurugike. Wazee wa ukoo wanajua na wanakaa kimya wakihofia posa: wakisikika wana ugonjwa wa kurithi, nani atawaoa mabinti zao? Baba mzima, aliyezika mama yake na dada zake wawili, hamwambii binti yake hata neno. Baba, hizo ni habari za mwili wake. Mpe. Mkalishe chini wewe na mama yake na shangazi aliyebaki, andikeni majina kwenye daftari, nani aliugua nini akiwa na umri gani, na daftari hilo aende nalo kliniki. Halihitaji umeme wala mkopo wa kimataifa.

Na ninyi madaktari, nawaheshimu, najua mna wagonjwa 60 kwa siku na kiti kimoja. Lakini swali la ukoo linachukua dakika tatu, na muuguzi anaweza kuliuliza. Mgonjwa chini ya miaka 50, mgonjwa wa hasi tatu, mgonjwa mwenye ndugu wawili waliougua: hao msiwaruhusu kutoka mlangoni bila jina la binti na dada zao kuandikwa na rufaa yao kutolewa siku hiyo hiyo.

Julai 2019 Kenya ilimpoteza mkuu wa Safaricom Bob Collymore, kisha mbunge Ken Okoth, na kabla mwezi haujaisha ikampoteza Gavana Joyce Laboso, wote kwa saratani. Viongozi walisimama misibani wakaahidi. Ahadi za misibani sizitaki tena. Nataka fedha iliyoandikwa. Bajeti za Afrika Mashariki husomwa Juni. Waziri wa Afya wa Tanzania na wa Kenya, kila mmoja kwa nchi yake, aweke kifungu chenye jina lake kamili: kipimo cha jeni na MRI ya kila mwaka kwa wanawake wenye hatari kubwa ya saratani ya matiti, koili za matiti kwa hospitali za rufaa za kanda zenye sumaku, na mafunzo ya wasomaji wa picha. Kiandikwe na kiasi chake cha fedha na idadi ya wanawake watakaofikiwa mwaka wa kwanza. Vitabu vya makadirio vikitoka nitavisoma ukurasa kwa ukurasa, na kifungu hicho kisipokuwemo nitaandika hapa hapa jina la waziri aliyekiacha.